Presha Inayotangulia Joto

Kuna sehemu tatu katika njia za Kwale ambazo kila dereva wa lori huzijua kwa mguu wa kulia kabla hajazijua kwa majina. Ya kwanza ni foleni ya feri pale Likoni, ambapo gari hukaa likinguruma bila kwenda popote na jua limelala juu ya boneti. Ya pili ni tambarare ya kutoka Ukunda kwenda Lunga Lunga, kupita Gazi, Msambweni na Ramisi, lami inayomshawishi mtu akanyage. Ya tatu ni mlima wa kutoka Kombani kwenda mji wa Kwale, karibu mita 400 juu ya bahari. Mbele ya milima ya bara ni mtoto, lakini lori lililoshiba kokoto au saruji ya kupeleka Kinango huuheshimu. Mtu akiniambia gari lake linachemka, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni wapi linachemkia.

Foleni huulizia feni. Injini ya dizeli inaponguruma bila mzigo hula mafuta kidogo mno huku ikivuta hewa tele, na joto lake huwa dogo. Ikichemka hapo, ama mkanda wa feni umelegea, ama kitovu cha feni kimevuja mafuta yake ya silikoni na sasa feni inazunguka kwa uvivu, ama mapezi ya rejeta yamezibwa kwa nje. Wakati wa kaskazi, lori lililosimama kuelekea kusini hupigwa na upepo kwa nyuma, upepo unaoshindana na ule wa feni; ni jambo dogo, ila kwa rejeta iliyochoka jambo dogo linatosha. Malori sasa yanaweza kuikwepa feri kwa kupitia Dongo Kundu. Wenye haraka wamepata nafuu, mafundi wamepoteza kipimo kimoja.

Tambarare huuliza jambo jingine. Gari lililotulia mjini na kupanda joto kwa mwendo wa kasi lina hewa ya kutosha, kinachokosekana ni maji yanayozunguka. Rejeta imeziba kwa ndani, au ule mpira wa chini umelainika kwa uzee, na pampu ikivuta kwa nguvu unajikunja na kujifunga wenyewe. Ukisimamisha gari kuutazama, umeshafunguka. Madereva wengi wamelaani rejeta nzima kwa kosa la mpira mmoja.

Mlima nao hauulizi, unadai. Kwa hesabu ya jumla, nishati ya dizeli inayofika kwenye magurudumu ni theluthi moja na kitu. Nyingine hutoka na moshi wa ekzosi, na iliyobaki lazima ibebwe na maji. Kupanda Kwale na mzigo ni kuchoma mafuta mengi kwa mwendo mdogo, joto jingi na upepo kidogo, na kila udhaifu wa mfumo hutoka hadharani.

Hapo ndipo msaada wa barabara unapokwisha. Kuna lori linalochemka leo mlimani na kesho kwenye tambarare, likatulia siku mbili, kisha likamwaga maji yote kwenye lami ya Msambweni bila kubeba chochote. Limebadilishwa rejeta, pampu na feni, na bado. Kwa gari la namna hiyo, geji ya joto haina la kukuambia zaidi. Kinachofaa kuulizwa ni presha, na swali lenyewe ni jepesi: ilikuja kabla ya joto au baada yake?

Kwanza tuitendee haki presha, maana watu wengi huiona kama adui. Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wataalamu wa Royal Society jijini London chungu kilichofungwa kabisa, kilicholainisha hata mifupa. Maji yaliyobanwa hayachemki kwa nyuzi 100, na hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake. Ili chungu kisilipuke, Papin alikiwekea valvu ya usalama, kizibo kilichokandamizwa kwa uzito. Kifuniko cha rejeta ya lori ni mjukuu wa chungu kile, isipokuwa uzito umegeuka springi.

Maji yaliyo wazi pale Diani huchemka kwa nyuzi 100, na Nairobi kwa takriban nyuzi 94. Yafunge kwa kifuniko cha bari 1 kwenye usawa wa bahari, na hayatachemka mpaka yakaribie nyuzi 120. Yachanganye na kulanti, yatapanda tena kidogo. Ndiyo maana lori lenye kifuniko kibovu linaweza kushinda huku chini likipeleka mchanga bila kelele, halafu siku likipakia nazi za kwenda bara likafika Sultan Hamud likitokota. Dereva ataulaumu mlima, na mlima haukufanya kitu. Maji yake yalikuwa wazi siku zote, ila Pwani ilikuwa ikimsitiri.

Kifuniko kizuri kina valvu mbili. Moja hufunguka presha ikipita kiwango kilichoandikwa juu yake, maji yakaenda kwenye tangi la akiba. Maji yakipashwa kutoka ubaridi wa asubuhi hadi kukaribia kuchemka huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 4, na mfumo wenye lita 30 lazima upate pa kuweka zaidi ya lita moja. Valvu ya pili ni ile ndogo ya katikati, ambayo hufunguka injini inapopoa ili maji yale yarudi. Hii ya pili hakuna anayeikumbuka. Ikikwama, asubuhi utaukuta mpira wa juu umebonyea kama umekanyagwa, na ukikuta hivyo usiite fundi wa injini. Nunua kifuniko.

Lakini nimeona vifuniko vilivyong'olewa springi, vifuniko vilivyotobolewa kwa msumari, na midomo ya rejeta iliyozibwa kwa tambara na mfuko wa nailoni. Fundi alichoshwa na mipira kupasuka, akaamua kuiachilia presha. Mipira ikaacha kupasuka kweli, na mwenye gari akashukuru. Kilichoendelea ndani hakuna aliyekiona. Kila mwako katika silinda huipiga laina, yaani ukuta wa silinda, nayo laina hutetemeka ndani ya maji. Inaporudi nyuma kwa kasi, huacha viputo vidogo vya mvuke, na viputo hivyo hupasuka juu ya chuma kwa nguvu isiyolingana na udogo wao. Chuma hunyofoka chembe kwa chembe, mpaka laina ikawa na vitundu kana kwamba imechomwa sindano, na siku moja kimoja kikatokeza upande wa pili. Presha ya maji ndiyo inayovizuia viputo vile visizaliwe kwa wingi. Ukiiondoa, umeilinda mipira na kuiuza injini.

Fundi mmoja wa Ukunda, mzee wa Kidigo ambaye gereji yake ni kivuli cha mwembe na benchi moja la mbao, ana tabia inayowaudhi madereva. Hagusi lori linalochemka baada ya saa nne asubuhi. Dereva akifika mchana, mvuke ukifuka mbele ya kebini, huambiwa aegeshe, alale, waonane alfajiri.

"Mzee, mimi nina mzigo wa watu."

"Nakuelewa, mwanangu. Lakini saa hii kila kitu humo ndani kina moto na kila kitu kina presha. Mwenye kosa na asiye na kosa wote wanatoka jasho."

Sijasikia mtu akiieleza elimu ya kuchunguza kwa maneno machache kuliko hayo. Injini yenye moto ni shahidi aliyechanganyikiwa. Na kuna sababu ya pili, ya usalama, ambayo mzee huwa haisemi kwa kuwa mkono wake wa kushoto una kovu linaloisema. Maji yenye nyuzi 115 yaliyo chini ya presha bado ni maji. Fungua kifuniko, na papo hapo sehemu yake hugeuka mvuke, na mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji uliotokana nayo. Hukupanda kiunoni, kifuani na usoni. Utingo wengi wa barabara hii wana alama zake, na wengi wao walikuwa wakitii amri ya dereva.

Alfajiri mzee hufungua kifuniko polepole na kusikiliza. Injini iliyolala usiku mzima inapaswa kuwa kimya, au kuvuta pumzi kidogo kwa ndani. Ikipuliza nje, yeye ameshapata nusu ya jibu. Mvuke hupoa ukawa maji na presha yake ikafa, lakini hewa na moshi havigeuki maji. Mpira wa juu uliobaki mgumu mpaka alfajiri una kitu ndani yake ambacho hakikutiwa na mwenye gari.

Kisha hujaza maji mpaka mdomoni, hufunga, huweka kiganja juu ya mpira wa juu na kumwambia dereva apige stata. Hapo ndipo shughuli yote ilipo. Kwa dakika moja au mbili za mwanzo maji bado ni baridi, na maji baridi hayana sababu ya kuwa na presha. Mpira ukivimba na kukakamaa chini ya kiganja kabla haujapata hata uvuguvugu, hakuna wa kumwambia kwamba ni joto lililofanya hivyo. "Kuna mgeni kaingia," husema, na kuagiza injini izimwe.

Presha inayolifuata joto ni ya halali. Maji yamepata moto, yametanuka, yamebanwa na kifuniko, na mfumo unafanya ulichoundiwa. Ikizidi, tafuta kwa nini joto limezidi: feni, mpira, rejeta, pampu. Presha inayolitangulia joto ni kesi tofauti kabisa. Ndani ya silinda ya dizeli, wakati wa mwako, presha hupita bari 100, na maji yaliyo upande wa pili wa gasketi, ile inayoziba kati ya silinda na hedi iliyo juu yake, yana bari 1. Ufa mwembamba kama unywele unatosha. Moshi hujipenyeza ndani ya maji, huyasukuma nje kupitia kifuniko, huacha mifuko ya hewa juu ya hedi, na chuma kilichokosa maji huanza kuungua. Geji hupanda mwisho wa mambo yote hayo. Anayelitibu joto katika gari hilo anatibu tokeo, na anaweza kulitibu mwaka mzima.

Hapa ndipo ninapotofautiana na gereji nyingi, za mwembeni na zenye vigae. Mpira ukivimba kwenye injini baridi, hukumu hutolewa papo hapo: hedi! Hedi inafunguliwa, inapelekwa kuplaniwa, gasketi mpya inanunuliwa, bolti zinakazwa, lori linarudi barabarani. Mara nyingi hukumu ni sahihi. Mara nyingine lori hurudi baada ya wiki na mpira mgumu vilevile, na hedi ileile inafunguliwa tena, safari hii fundi akimlaumu aliyeplani.

Lori lenye breki za upepo lina mshukiwa ambaye gari dogo halina. Kompresa inayojaza mitungi ya upepo inapozwa kwa maji yaleyale ya injini. Nayo ina hedi yake ndogo na gasketi yake ndogo, na hubana hewa mpaka bari 8 hivi. Gasketi hiyo ndogo ikichoka, hewa huingia kwenye maji, na dalili zote ni za hedi kubwa: mpira mgumu kwenye injini baridi, viputo kwenye rejeta, maji kusukumwa nje, mwishowe kuchemka. Mzee wa Ukunda huitafuta kwa masikio. Huacha kifuniko wazi injini ikiwa bado baridi, hutazama viputo, na kusubiri mitungi ijae. Upepo ukijaa, valvu hupiga ile chafya yake inayojulikana na kila aliyewahi kusimama kando ya lori, pshii, na kompresa huacha kubana. Viputo vikinyamaza pamoja na chafya ile, hedi kubwa haina hatia. Vikiendelea, afunguliwe mkubwa.

Hakuna chombo kilichotumika hapo, na hakuna shilingi iliyolipwa. Kuna pia kimiminika cha buluu kinachobadilika rangi kikipitishiwa hewa inayotoka juu ya maji ya rejeta, iwapo hewa hiyo ina moshi wa mwako. Hewa ya kompresa haina moshi, basi buluu inabaki buluu, na njia zote mbili zinakubaliana. Napenda jambo likithibitishwa na mashahidi wawili wasiojuana.

Washukiwa wengine wapo, nami nitawapita haraka. Vikombe vya shaba vinavyoshika nozeli katika baadhi ya injini hulegea na kupitisha moshi kwenye maji, wakati mwingine mpaka dizeli yenyewe ikaonekana inaelea kwenye rejeta. Laina iliyotoboka kwa viputo vile nilivyovitaja hufanya vivyo hivyo, na gari likizimwa maji hurudi njia ileile kuingia kwenye silinda au kushuka kwenye oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kila mtu anaijua. Kisichojulikana na kila mtu ni kwamba silinda yenye maji haibaniki. Anayepiga stata kwa nguvu juu ya maji hayo hupinda koni rodi, na tatizo la gasketi likawa la injini nzima. Pampu ya mkono yenye geji, inayofungwa kwenye mdomo wa rejeta, hutatua shaka nyingi za namna hii: bana mpaka kiwango cha kifuniko, acha robo saa, tazama mshale. Ukishuka na chini hakuna tone, maji yameenda ndani.

Geji ya deshibodi inastahili onyo la peke yake. Haipimi joto la injini. Inapima joto la maji yanayoigusa. Maji yakiisha, au moshi ukiyasukuma mbali na kipimo, mshale unaweza kushuka wakati pistoni zinakaribia kuyeyuka. Madereva wamewahi kufurahi hapo, wakidhani gari limepoa lenyewe baada ya Gazi, wakaongeza mwendo, na injini ikanoki kabla ya Msambweni. Mshale ukipanda kisha ukaanguka ghafla bila sababu, zima gari hapohapo, hata kama ni katikati ya daraja.

Sasa maji yenyewe. Ukanda wa Tiwi na Diani umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyake yamepita ndani ya chokaa kabla ya kufika ndooni. Chokaa hiyo ina tabia ya kinyume na chumvi na sukari: maji yakipata moto, yenyewe huachia na kuganda. Ndio ule ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Ndani ya injini ukoko huo huganda penye moto zaidi, kuzunguka sehemu ya juu ya laina na chini ya nozeli, pale hasa ambapo chuma kinayahitaji maji. Injini inaweza kuwa imejaa maji tele na bado chuma hakiguswi nayo. Ukipanda vilima vya Shimba, ardhi inageuka mawe ya mchanga, na maji ya chemchemi kama zile za Marere, ambazo zimeinywesha Mombasa kwa miaka mingi, ni mepesi zaidi. Nayo mepesi yakiachwa bila dawa hula chuma kwa kutu. Kulanti ya lori haikutengenezwa kwa ajili ya theluji peke yake, kama wengi wanavyodhani wakiona picha ya barafu kwenye mtungi. Ina dawa ya kutu, na zile zilizotengenezwa kwa injini nzito zina dawa inayoifunika laina dhidi ya viputo. Ni sumu pia, na ni tamu, kwa hiyo isimwagwe penye mbuzi na watoto.

Kwa nje kuna bahari. Hewa ya chumvi hula mapezi ya rejeta yaliyo ya alumini mpaka yakawa unga ukiyagusa kwa kidole. Malori ya miwa ya Ramisi hujaza mapezi hayo makapi, na vumbi jekundu la njia za ndani hukamilisha ukuta. Rejeta ya namna hii huoshwa kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya nguvu ndogo, kwa sababu uchafu uliingia kutoka mbele. Wanaoosha kwa mashine ya kuosha magari huyalaza mapezi na kuumaliza upepo kabisa.

Jambo jingine ni themostati. Kuitoa limekuwa desturi, kiasi kwamba kuna madereva hawajawahi kuiona. Hoja ni kwamba huku kwetu ni joto, inazuia maji, ya nini? Lakini dizeli inataka kufanya kazi kwenye joto lake, nyuzi 80 na kitu. Ikifanya kazi ikiwa baridi, mafuta hayaungui yote, oili huchafuka, silinda huliwa. Tena katika injini nyingi za lori themostati hufanya kazi mbili: ikifunguka kwenda kwenye rejeta, hufunga njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu kubwa ya maji haionani na rejeta. Wenye gari wametoa themostati ili lisichemke, likachemka zaidi mlimani, wakaongeza ukubwa wa rejeta.

Tabia hizi zote, kutoboa kifuniko, kutoa themostati, kutia bizari au ute wa yai kwenye rejeta inayovuja mpaka mirija yake midogo ikaziba, zina asili moja, na asili hiyo si ujinga. Mafundi ninaowasema wana mikono na macho ambayo ningetamani kuwa nayo. Wanachokosa ni usiku mmoja. Dereva analipwa kwa safari, mwenye lori anahesabu siku, mwenye mchanga anapiga simu, na fundi analipwa kwa kinachoonekana: spea mpya mezani, hedi iliyong'aa. Hakuna anayemlipa mtu kwa kuweka kiganja juu ya mpira alfajiri na kusema kwamba kompresa imechoka. Kwa bei hiyo ya sifuri, kila injini ya Kwale inayochemka itaendelea kupigiwa ramli, na ramli itaendelea kusema hedi.

Kwa hiyo neno langu ni kwa mwenye lori, maana fundi hawezi kulibadilisha hili peke yake. Gari likichemka, liache lilale kwa fundi, na umlipe kwa kuchunguza kabla hajafungua bolti hata moja. Muulize presha ilikuja kabla ya joto au baada yake, na usikubali hedi iguswe mpaka akujibu, na kama lori lina breki za upepo, mpaka akuambie alichokiona kompresa ilipopiga chafya. Na kifuniko ukinunue chenye kiwango kilekile kilichoandikwa kwenye kile kilichotoka kiwandani. Duka lolote la spea pale Ukunda litakuuzia kwa sehemu ndogo sana ya bei ya kuplani hedi.